Kubadilisha daraja bila kukata barabara: njia ipi itufae Nyanda za Juu Kusini?

Nilikuwa msimamizi mdogo kwenye kazi ya kubadilisha daraja moja huku kwetu. Tulifanya kama wengi wanavyofanya: tukachonga daivasheni, yaani njia ya muda ya kuzungukia, kando ya mto, tukalaza makalavati matatu, tukashindilia kifusi, tukahamishia magari huko, kisha tukavunja daraja la zamani. Kazi ilipangwa kuisha kiangazi. Haikuisha. Usiku mmoja wa Februari mto ulishuka na magogo, makalavati yakaziba, na kulipokucha daivasheni haikuwepo. Kilichobaki ni nguzo mbili mpya zimesimama peke yake katikati ya maji.

Kulikuwa na mama amekwama na magunia yake ya viazi juu ya Fuso. Aliniita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, hili la zamani mlilivunja la nini na jipya halijaisha?"

Nikamweleza habari za nondo zilizooza na uzito wa malori ya siku hizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi mngejenga jipya kwanza."

Alikuwa na haki. Uhandisi una njia kadhaa za kufanya alichosema, na tangu siku ile nimekuwa nikizifuatilia. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya wahandisi wa wilaya, madiwani, wakandarasi wetu wadogo, na yeyote anayekaa kwenye kikao ambako daraja linaamuliwa. Kipimo changu ni kimoja kuliko vyote: ni siku ngapi barabara itakaa haina daraja la zamani wala jipya? Mkataba huandika muda wa kazi nzima, miezi minane au kumi na minne. Mwenye viazi hahesabu miezi hiyo. Kazi ya miezi 14 inayofunga barabara kwa saa 48 ni bora kwake kuliko ya miezi minane inayomtegemeza kwenye kifusi.

Na barabara yenyewe ni hii: njia kuu ya kutoka Dar es Salaam kupita Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, inayobeba mzigo wa Zambia, Kongo na Malawi. Lori linaruhusiwa kufika tani 56 kwa jumla chini ya sheria ya Afrika Mashariki, na mizani ya Wenda, Makambako na Mpemba ipo kwa sababu hiyo. Ikikatika kati ya Iringa na Morogoro, angalau kuna lami ya Iringa–Mtera–Dodoma, kama kilomita 260 hadi Dodoma, za kuzungukia. Ikikatika kati ya Makambako na Mbeya, hali ni mbaya zaidi. Njia ya Chunya kuelekea Rungwa na Itigi ni safari ya kwenda kutafuta mkoa mwingine, na milima ya Kitulo si ya semi iliyojaa shaba. Tulishaona Machi 2020 daraja la Kiyegeya kule Gairo lilipokatika: magari ya Dodoma yalikosa pa kupita na nchi nzima ilijua.

Kutelezesha

Naanza na njia ninayoipenda, nanyi mjue hivyo mnaposoma.

Daraja jipya, yaani mihimili, sakafu, kingo, hata lami yake, linajengwa kando ya la zamani juu ya nguzo za muda za chuma. Magari yanaendelea kupita juu ya la zamani. Chini yake misingi mipya inachimbwa, mara nyingi nje kidogo ya kingo za daraja, ili nguzo zisimame kushoto na kulia na boriti la kuziunganisha lipite chini ya sakafu inayotumika. Siku ikifika barabara inafungwa, la zamani linavunjwa, jipya linasukumwa kwa jeki hadi mahali pake, mwanya wa pande mbili unajazwa na kushindiliwa, barabara inafunguliwa.

Watu husikia "kusukuma daraja" wakafikiri ni mitambo ya ajabu. Tupige hesabu. Daraja la uwazi mmoja wa mita 20, upana mita 11: mihimili mitano yenye tani kama 20 kila mmoja ni tani 100, sakafu ya unene wa sentimita 20 ni tani 110, kingo, mihimili ya kukingama na lami, tuseme tani 40. Jumla tani 250. Likikaa juu ya pedi za plastiki laini zinazoteleza kwenye bamba la chuma kisichoshika kutu, nguvu ya kuliondoa pale lilipo ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito, na likishaanza kutembea hupungua. Yaani tani 25. Jeki mbili za haidroliki za kawaida zinatosha na kubaki. Marekani wanaofanya kazi hii hupaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ili pedi ziteleze. Sabuni ya vyombo tunayo.

Mfano unaonigusa zaidi ni daraja la Milton–Madison juu ya mto Ohio, kati ya Kentucky na Indiana. Pale walijenga sehemu ya juu ya daraja jipya kwenye nguzo za muda, wakahamishia magari juu yake, na hapo ndipo wakavunja la zamani na kuimarisha nguzo zake. Aprili 2014 wakatelezesha karibu mita 740 za chuma kwa umbali wa mita 17 hivi hadi kwenye nguzo za kudumu. Daraja jipya lenyewe lilikuwa daivasheni! Ndilo jibu la yule mama, neno kwa neno.

Ubaya wake nao ni wa kweli. Kwanza, lazima pawe na nafasi upande mmoja wa barabara. Penye mwamba huku na korongo kule, hakuna pa kujengea. Pili, nguzo za muda zikizama hata sentimita chache upande mmoja, sakafu inapinda kabla haijatumika. Tatu, jeki lazima ziende sawa. Moja ikitangulia, daraja linakwenda upande na kukwama kama droo ya kabati. Kwa hiyo pande zote mbili huwekwa alama za kupimia, mtu anasimama na kipimo, na kila baada ya hatua fupi kazi inasimama hadi namba zilingane. Mkandarasi asiyekubali kusimama na kupima asipewe kazi hii. Nne, sakafu isikutwe na mafuriko ikiwa bado juu ya nguzo za muda. Huku mvua huanza Novemba, kwa hiyo kusukuma kufanyike kabla.

Vipande vilivyomiminwa tayari

Njia hii iko karibu zaidi na tunayoijua. Mihimili, mabamba ya sakafu, hata vichwa vya nguzo, vinamiminwa mahali pengine huku daraja la zamani likifanya kazi, kisha vinaletwa na kuungwa. Wanaotajwa sana ni jimbo la Massachusetts: kiangazi cha 2011 walibadilisha sehemu za juu za madaraja 14 ya barabara ya I-93 huko Medford ndani ya wikiendi 10, kila mara wakifunga kwa saa 55. Vipande vilikuja na sakafu yake juu ya mihimili ya chuma. Angalieni lakini: walibadilisha sehemu ya juu tu, nguzo zilibaki zilezile zikakarabatiwa. Daraja ambalo msingi wake umechimbuliwa na mto halitapona kwa saa 55, na mengi ya kwetu huugua chini, juu pakiwa bado pazima.

Swali la kwanza hapa ni vimiminwe wapi. Yadi ya Dar es Salaam inavutia kwa sababu kuna mitambo na maabara. Lakini mhimili wa mita 30 lazima upande mlima wa Kitonga, na aliyewahi kukaa nyuma ya lobedi, lile trela refu la mizigo mizito, kwenye zile kona anajua maana yake. Ushauri wangu ni kuweka yadi palepale, mita mia chache kutoka mtoni, na kubaki na mihimili ya mita 15 hadi 20. Tani 20 hizo kreni mbili za kawaida zinainua. Saruji inatoka Songwe, jirani kabisa. Kinachobaki kuletwa kutoka mbali ni nondo, nyaya za kuvutia zege na watu wenye ujuzi.

Yadi inatusaidia pia kwenye jambo ambalo vitabu vya nchi za joto havisemi sana: baridi. Kiangazi chetu, wakati mzuri wa kujenga, ndio wakati wa baridi kali. Juni na Julai, Makambako na Njombe usiku ni nyuzi za kuhesabu kwa vidole. Zege lililo kwenye nyuzi 10 linaweza kuchukua karibu mara mbili ya muda linalochukua kwenye nyuzi 20 ili kufikia nguvu ileile. Nimeona fomu, yaani mbao za kushikilia zege bichi, zikifunguliwa siku ya saba kwa sababu karatasi ilisema siku ya saba, na zege likatoka na kona zinazomeguka kwa kidole. Kwenye yadi, mhimili unafunikwa kwa maturubai, unapashwa mvuke au maji moto, na mchemraba wa majaribio unabanwa kwenye mashine kabla ya kugusa fomu. Juu ya mto, katikati ya upepo, hayo yote ni magumu.

Udhaifu mkubwa ni maungio. Kila kipande unachokiongeza ni mstari mmoja zaidi wa maji kupenya kwenda kwenye nondo. Wamarekani wengi sasa hujaza mistari hiyo kwa zege la nguvu ya juu sana lenye nyuzi za chuma. Kwa sababu linashika nondo vizuri, ungio linakuwa jembamba, sentimita 15 au 20 tu. Kwetu hizo nyuzi zinaagizwa nje. Njia mbadala ni ungio pana zaidi, nondo za kitanzi zilizopishana, na grauti, yaani uji wa saruji, isiyonywea. Linafaa, ila limwagiliwe siku zake zote bila kukosa.

Tena, tusisahau tunaishi juu ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Desemba 1910 upande wa Rukwa lilikadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4. Daraja la vipande hushikwa na maungio yake. Ardhi ikitikisika, vipande vitataka kuachana. Mchoro usioonyesha jinsi mihimili inavyofungwa kwenye vichwa vya nguzo urudishwe kwa aliyeuchora.

Matrela ya kujiendesha

Picha za mitandaoni nyingi ni za hizi: daraja zima linabebwa juu ya matrela yenye magurudumu mamia, kila seti inageuka upande wowote, mtu mmoja anaendesha kwa kisanduku cha vitufe kifuani. Utah walibeba daraja la barabara ya 4500 South juu ya I-215 namna hiyo Oktoba 2007. Beijing nao, Novemba 2015, walibadilisha sehemu ya juu ya daraja la Sanyuan, tani kama 1,300, kwa saa 43 kwa mitambo mikubwa ya kubebea.

Ni kazi ya kupendeza, na kwa madaraja yetu ya mtoni siishauri. Matrela yanataka sakafu ngumu na tambarare kutoka yadi hadi kwenye daraja, ambayo wenzetu wanaipata bure kwa sababu daraja lao linapita juu ya barabara nyingine. Letu linapita juu ya mto. Tena yaletwe kutoka mbali, yafanye kazi siku mbili, yarudi. Utah waliyafaidi kwa sababu waliyatumia kwenye daraja moja baada ya jingine. Kama siku moja Jiji la Mbeya litajenga madaraja ya juu kadhaa kwa mkupuo, hoja ifunguliwe upya.

Daraja la chuma la kuunga

Hili kila mtu analijua, wengine wanaliita Bailey, wengine Mabey. Donald Bailey, Mwingereza, alilibuni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: fremu ya urefu wa mita 3 hivi, uzito kama kilo 260, watu sita wanaibeba, zinaungwa kwa pini, daraja linasukumwa kuvuka mto bila kreni. Ya kisasa ni mazito zaidi na, yakipangwa kwa idadi sahihi ya fremu, yanabeba lori letu la tani 56.

Kosa letu ni kulifikiria kama dawa ya dharura pekee, linaloletwa baada ya mafuriko. Nadhani kazi yake bora zaidi ni kuchukua nafasi ya daivasheni ya kifusi. Chini yake mto unapita wazi, magogo hayana pa kunasa, na mkandarasi anaweza kuchukua muda wake kwenye misingi ya daraja la kudumu. Likimaliza hapa linafunguliwa na kupelekwa kwingine. Kama tungekuwa nalo usiku ule wa Februari, tungelala.

Linadai uangalizi. Kwa kawaida ni njia moja, kwa hiyo foleni na watu wa bendera usiku na mchana. Pini na bolti hulegea kwa mtikisiko, lazima zikaguliwe kila siku. Na wapo wanaozifungua kwenda kuziuza kama vyuma chakavu, kwa hiyo mlinzi si anasa.

Kuta za udongo na kitambaa

Hii naipita haraka. Badala ya ukuta wa zege wa mwisho wa daraja, unashindilia kokoto kwa tabaka za sentimita 20, kila tabaka juu ya kitambaa imara cha plastiki, mbele unapanga matofali, na mihimili inakaa moja kwa moja juu ya lundo hilo. Kaunti ya Defiance, Ohio, ilifungua la kwanza la aina hiyo 2005. Ni rahisi, linataka mashine ndogo tu, na lile tuta la kurusha gari mwanzoni mwa daraja halitokei. Lakini mto ukila chini ya ukuta huo, kila kitu kinaondoka kwa pamoja. Lijengwe kwenye mabonde makavu na juu ya barabara. Mtoni hapana.

Basi kila mahali na njia yake

Kitonga na makorongo yanayofanana nayo hayana pa kuweka daivasheni wala pa kujengea daraja la kutelezesha. Pale ningechagua vipande vya tayari, nusu upana kwa zamu: upande mmoja unapitisha magari, mwingine unabadilishwa usiku. Tukumbuke tu kwamba usiku si mtupu tena. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri saa 24, na abiria wa Tunduma anaweza kuwa pale saa tisa ya usiku.

Kingo za Usangu, kuanzia Igawa hadi Chimala na Igurusi, ni kinyume chake. Nafasi ipo tele, maji yakija yanakuja mapana. Kutelezesha kunafaa sana hapa, na kama fedha haitoshi, daraja la chuma la kuunga kama njia ya muda. Vivuko vidogo vya chini ya mita sita havihitaji daraja. Makalavati ya boksi yaliyomiminwa tayari yanalazwa kwa siku chache. Muhimu yawe na mdomo mkubwa mmoja, magogo yapite. Midomo mitatu midogo nimeshaona mwisho wake.

Barabara ya Uyole kwenda Tukuyu na Kyela ina tatizo lake: majivu ya volkano, mepesi, yanayoonekana magumu yakiwa makavu na kubomoka yakiloa. Pale usiamue njia ya juu kabla ya kutoboa ardhi na kujua mwamba uko wapi. Watu wa Kiwira wana daraja la jiwe lililojengwa na lava, Daraja la Mungu, na limesimama kwa sababu limeshika mwamba pande zote mbili. Haraka yote ya sakafu haina maana kama nguzo haijafika kwenye mwamba kama huo.

Kuhusu bei, njia za haraka zitaonekana ghali kwenye zabuni, kwa sababu zabuni hainukuu nyanya za Ilula zinazooza kwenye foleni, wala parachichi za Rungwe zinazoiva njiani, wala dereva anayelala siku nne kando ya lori. Kuna utaratibu unaotumika Marekani ambao ningependa wenye mamlaka ya barabara wauangalie: mkandarasi anaandika bei yake pamoja na siku atakazoifunga barabara, kila siku inapewa thamani ya fedha, na anayeshinda ni mwenye jumla ndogo. Akizidisha siku, anakatwa. Ukiweka siku moja ya kufunga barabara ya Tunduma kwenye hesabu, kwa thamani yake ya kweli, daivasheni ya kifusi haitabaki kuwa rahisi.

Ningepewa leo daraja moja la mita 20 upande wa Chimala, ningefanya hivi. Machi nipime mto ukiwa umejaa, niandike alama ya juu kabisa ya maji, nitafute wazee wanaokumbuka alama ya juu zaidi ya hiyo. Aprili yadi ianze kumimina mihimili. Mei maji yakipungua, misingi itobolewe nje ya kingo za daraja la zamani huku semi zikipita juu. Julai sakafu imiminwe juu ya nguzo za muda chini ya maturubai, ipewe wiki zake zote kwa sababu ya baridi. Septemba tangazo litoke redioni, stendi na mizani zote tatu, kwamba barabara itafungwa Jumamosi fulani jioni hadi Jumatatu alfajiri. Mwanzoni mwa Oktoba tuvunje na kusukuma. Na mvua ya kwanza ya Novemba ikigonga lami mpya, nguzo za muda ziwe zimeshang'olewa mtoni na kupakiwa kwenye lobedi.